Bakuli Kumi na Sita za Visalam

Mtaani kwetu Kumbakonam nyumba zimeshikana, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa chumba cha mbele cha Dada Visalam. Niliolewa hapa nikiwa na miaka kumi na tisa, sasa nina sitini na tatu. Mume wangu yupo, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Watoto wamekwenda zao. Na kila alfajiri, kabla kahawa yangu haijamaliza kuchujika, nilikuwa nikimsikia jirani yangu akipima maji.

Ndiyo, maji. Dada Visalam alikuwa mpiga jalatarangam, na hata hapa kwetu wako wengi ambao hawajawahi kuiona. Ni bakuli za kauri, kubwa mpaka ndogo, zinapangwa nusu duara mbele ya mpigaji, kila moja na maji yake. Ukiigonga kwa kijiti cha mwanzi, inaimba. Ukiongeza maji sauti inashuka, ukipunguza inapanda. Basi yeye na kijiko chake huongeza tone hapa, huchota tone pale, nusu saa nzima, ndipo aanze kupiga. Mtu asiye na subira hafai kazi ile. Mimi, kwa mfano, sifai hata kidogo.

Babu yake ndiye aliyezileta bakuli zile kutoka Rangoon, zikiwa ishirini na mbili. Moja iliangushwa na paka. Mbili zilivunjika ndani ya gari la ng'ombe, wakienda kupiga hekaluni. Nyingine sijui. Zikabaki kumi na sita. Na bakuli ya namna ile ikivunjika huendi dukani kununua mwenzake, kwa sababu unaweza kugonga mia tatu usipate hata moja yenye sauti. Baba yake, Mzee Panchapakesan, alizunguka Madras miaka minne akigonga bakuli za watu, akarudi mikono mitupu na kifua kibovu.

Mzee yule hakuwa na mtoto wa kiume, ndiyo maana akamfundisha binti. Asidhani mtu kwamba alikuwa na mawazo mapya. Angekuwa na mwana, Visalam angejifunza kukuna nazi. Alimwoza akiwa na miaka kumi na minane, na kabla mwaka wa pili haujaisha mume akafa kwa homa ya matumbo. Akarudi kwa baba na sanduku lake la bati, na hapo ndipo maisha yake yalipofungwa. Kwetu mjane hana nafasi kwenye shughuli za wanawake. Haitwi harusini. Sikukuu ya siku tisa, wanawake wanapotembeleana kupeana tambuu, manjano na poda nyekundu ya paji la uso, yeye hapewi na kwake hakuendwi. Wako wanaomkuta mjane asubuhi wakianza safari, wanarudi nyumbani kukaa kidogo ili mkosi upite. Mimi nilirudi siku moja, siku ya mtihani wa mwanangu. Nilimwona Dada Visalam amesimama mlangoni, nikageuka. Aliniona nikigeuka. Sijivunii.

Mzee alipokufa alimwachia vitu viwili, bakuli na mwiko wake, kwamba bakuli iliyoguswa na mdomo haipigwi tena. Shaba ikichafuka inasuguliwa kwa ukwaju, inatakata. Fedha inasuguliwa kwa majivu. Lakini udongo ukishaguswa na mdomo wa mtu, umekwisha, hautakasiki tena, na kauri ni udongo. Sisi hapa hata maji ya kunywa tunayamimina kinywani kutoka juu, kikombe kisiguse mdomo, kwa hiyo hakuna aliyemwona Mzee mwendawazimu. Bakuli zile zilikuwa za kuwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa elimu na muziki. Zilikuwa hazijawahi kuonja chakula wala mdomo tangu Rangoon.

Zamani redio ya Tiruchi ilimwita mara nne kwa mwaka. Aliyempenda pale akastaafu, na barua zikakoma. Wanafunzi hakupata. Wazazi wanataka binti zao wajue kuimba, wajue fidla, vitu vya kumwonyesha mchumba. Bakuli? Bakuli ziko jikoni. Wapita njia walikuwa wakichungulia dirishani na kumtania, "Bibi, supu imeiva?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Imeiva, leta masikio yako nikupakulie." Lakini jibu lenyewe lilikuwa lilelile kila mwaka, na sauti inayolitoa ilikuwa ikipungua.

Basi akaja Nithya.

Nithya ni mke wa mwanangu Sridhar. Ni mtu wa kwetu kwa damu, lakini kakulia Delhi, na Delhi imemharibu kidogo: anavaa suruali, anaamka saa mbili, anauliza kila jambo kwa nini. Walikuwa wamefunga ndoa miezi mitatu tu, kazini kwa Sridhar wakamtuma Singapore kwa miezi minne, bibi harusi akaletwa kwangu kama mzigo wa kutunziwa. Alfajiri ya kwanza nikamwona amesimama jikoni na nywele timutimu.

"Mama, nani anapiga kengele?"

"Si kengele. Ni jirani. Rudi kulala."

"Siwezi kulala na sauti nzuri hivyo."

"Utazoea. Mimi nilizoea."

Hakuzoea. Akawa kila alfajiri anatoka na shali lake, anaketi barazani kwa Dada Visalam chini ya dirisha. Siku ya tisa mlango ukafunguliwa.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Nasikiliza, Bibi."

"Siku tisa unasikiliza. Masikio yako hayashibi?"

"Nataka kujifunza."

Dada Visalam akampa kijiko na kumwonyesha bakuli. "Chota tone moja." Nithya akachota. "Hilo ni ziwa. Rudisha. Nimesema tone." Akachota tena, akarudisha tena, mpaka jua likatoka. Mwishowe Dada Visalam akasema, "Utaanza siku ya kumi ya sikukuu." Hakuhitaji kueleza. Siku ya tisa ya sikukuu vyombo vya muziki na vitabu huwekwa mbele ya Saraswati vikapumzika, hakuna anayepiga wala kusoma. Siku ya kumi asubuhi unavichukua tena, na yeyote anayetaka elimu mpya huianza hapo.

Zilibaki wiki tatu. Katika wiki zile nilimwona jirani yangu akipaka ukuta chokaa mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na mmoja juu ya kigoda. Akanunua mkeka mpya. Siku moja akaniita kwenye ua wa nyuma. "Rukku, mkwe wako anapenda kula nini?" Miaka arobaini na nne hajawahi kuniuliza mtu yeyote anapenda kula nini. Nikamwambia anapenda tambi za maziwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa siri ya serikali.

Jioni ya siku ya tisa aliziosha bakuli, akazifuta, akazipanga mbele ya picha ya Saraswati, kila moja na nukta ya sandali na ua la asumini. Kisha akaenda hekaluni, ufunguo wa mlango wa nyuma akaniachia kama kawaida, nikauning'iniza kwenye msumari.

Kwangu palikuwa pamejaa. Nilikuwa nimepanga wanasesere wangu wa sikukuu kwenye ngazi saba, na wanawake wa mtaa wamekuja na hariri zao kuwatazama. Kila mgeni lazima aimbe, ndiyo desturi. Bi Kokila, ambaye ulimi wake unajulikana mpaka stesheni, alikuwa akiimba kwa sauti ya bawaba iliyokosa mafuta, nasi tumeinamisha vichwa kwa heshima. Nithya akaninong'oneza.

"Mama, mbona Bibi Visalam hayupo?"

"Ni mjane. Haji."

"Basi twende sisi kwake."

"Hatuendi. Nyamaza, Bi Kokila anaimba."

"Huko ndiko kuimba?"

Nikamfinya. Akanyamaza, na mimi mjinga nikadhani amenyamaza. Kumbe alikwenda jikoni, akachukua sufuria ya tambi za maziwa alizopika mwenyewe, akachukua ufunguo kwenye msumari.

Alirudi na sinia. Juu ya sinia bakuli saba, zinafuka mvuke, na moja bado imenatwa na ua la asumini. "Akina mama, hii imetoka mbele ya Saraswati wa Bibi Visalam!" alisema, na uso wake unang'aa. "Leo na yeye ametukaribisha."

Nilizijua bakuli zile kama ninavyojua meno ya watoto wangu. Aliwaza, baadaye aliniambia, kwamba mungu wa muziki atafurahi kupewa chakula ndani ya muziki wenyewe, na kwamba mwanamke asiyetembelewa na mtu angehesabiwa safari hii kati ya waliokaribisha wageni. Sauti saba, bakuli saba. Wazo zuri, kama ungekuwa hujalelewa hapa.

Vijiko havikuwepo. Wanawake wakapokea, na kwa kuwa ni chakula cha mungu na ni cha moto, wakaweka midomo, wakanywa. Bi Kokila akafuta mdomo. "Haya! Kumbe mjane ana mkono mtamu."

Ningeweza kupiga kelele. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye sinia. Lakini mbele ya Bi Kokila, mkwe wangu wa Delhi angekuwa hadithi ya mtaa mpaka mwaka mpya, na mimi pamoja naye. Ilikuwa imebaki bakuli moja. Nikaichukua, nikanywa. Ilikuwa tamu, iliki imekaa sawasawa.

Wageni walipoondoka nikamvuta jikoni.

"Unajua ulichofanya?"

"Nimefanya nini, Mama? Ni chakula cha mungu. Chakula cha mungu hakina najisi."

"Chakula hakina neno. Midomo ndiyo yenye neno."

"Midomo ya nani?"

"Ya yeyote! Ya Kokila, yangu, ya mfalme. Ni kauri, hazisuguliki." Nikamweleza mwiko wa Mzee. Rangi ikamtoka. Tukaziosha mara tatu kwa maji ya moto, tukakimbia kuzirudisha na maua mapya kabla mwenyewe hajatoka hekaluni. "Sasa funga mdomo," nikamwambia. "Asichokijua hakimuumizi."

Asubuhi ya siku ya kumi Nithya alioga, akavaa sari yangu ya kijani, akabeba nazi, ndizi na tambuu. Mimi nikafuata mpaka mlangoni, kuona. Dada Visalam alikuwa amevaa sari yake nzuri nyeupe yenye ukingo wa rangi ya kahawia. Maji yalikuwa yamekwisha pimwa. Akaketi, akamwita mwanafunzi wake wa kwanza na wa pekee aketi mkabala naye, akamnyooshea vijiti.

Nithya hakuvipokea. Alilala kifudifudi miguuni pake, akasema yote. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu haikufika hata mlangoni.

Dada Visalam alisikiliza mpaka mwisho. "Zipi?" aliuliza.

"Saba, Bibi."

"Saba zipi?"

Nithya aliinua kichwa, akazitazama. Kidole kikaenda huku, kikarudi. "Sijui tena. Tuliziosha, zikachanganyika."

Basi zikawa zote kumi na sita. Dada Visalam aliweka vijiti chini, kimoja kando ya kingine. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema, bila hasira hata chembe, nami ningependa kama angetukana. Alinitazama mimi mara moja tu, akafunga mlango.

Siku tisa ukuta ulikuwa kimya. Kahawa ilinishinda kunywa. Mume wangu aliweka gazeti chini, jambo ambalo hakufanya hata siku ya mazishi ya kaka yake, akaniuliza, "Yuko hai?" Alikuwa hai, nilimsikia akiteka maji kisimani. Nithya aliagiza bakuli kwa simu, zikaja kwenye boksi zuri. Akaigonga ya kwanza. Tok. Mume wangu akasema, "Hiyo ni ya mchuzi." Nithya akalia wakati wote wa chakula cha mchana.

Siku ya kumi nilikwenda. Nilipitia nyuma, nikamkuta kwenye chumba cha mbele, amekaa mbele ya bakuli. Zilikuwa palepale alipoziacha, maji yameshika vumbi na mbu wamezama.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Wewe ulikunywa ya ngapi?"

"Ya mwisho."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Kisha akauliza, "Ilikuwa tamu?"

"Tamu, Dada."

"Unajua ni lini mara ya mwisho watu walikunywa kitu kilichotoka nyumba hii?" Hakungoja jibu. "Siku ya mazishi ya baba. Niliwapikia kahawa. Miaka thelathini na nane, Rukku. Vyombo vyangu ni safi kuliko vya hekalu. Nani wa kuvichafua?"

Nililia, nasema wazi. Nilililia kile alichokisema, na nililia kwa sababu nyumba yangu ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwake miaka yote hiyo. Nikamwambia, "Basi zipige. Sisi tumeshasahau. Nani atajua?"

"Nimejaribu. Jana niliinua vijiti, mkono ukakataa kushuka. Mkono huu alinipa baba. Siwezi kumbishia sasa, nimechelewa."

"Utazitupa mtoni?"

"Ndivyo inavyopasa." Alitupia jicho bakuli iliyo karibu bila kuigusa. "Lakini yule mtoto mwiko huu si wake. Angeweza kunidanganya, wewe ulimfundisha vizuri tu, na hakunidanganya. Mwambie aje kesho. Sitagusa kitu. Nitaimba, yeye atapiga."

Ndivyo ilivyokuwa, miezi miwili. Dada Visalam aliketi mkono mmoja mbali, viganja amevikalia chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa, akawa anaimba na Nithya anatafuta. Mwanzoni ilikuwa balaa. Nilisikia kila kitu.

"Hiyo ni bakuli au mlango wa ghala?"

"Samahani, Bibi."

"Usiiombe samahani, ipige. Unapiga kama unaua mbu!"

Kisha ikawa si balaa tena. Asubuhi moja nikasikia wimbo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, na baada yake nikasikia kicheko cha Dada Visalam. Nilikuwa sijawahi kukisikia. Kilikuwa kicheko kinene, cha mwanamke mnene, na yeye ni mwembamba.

Sridhar alirudi Desemba, kazi yake Bengaluru ikamngoja, gari likaja siku ya Ijumaa. Asubuhi ile Nithya alikwenda somo la mwisho, nami nikaenda naye. Alipiga vizuri, ila bakuli ya tano ilikuwa juu kidogo, maji yake hayakutosha. Hata mimi nilisikia. Mkono wa Dada Visalam ukachomoka wenyewe kuelekea kijiko, ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani. Akaurudisha chini ya paja.

"Ongeza," alisema.

Nithya akaongeza tone.

"Tena. Kidogo. Basi."

Wimbo ulipoisha Dada Visalam aliagiza sanduku la mbao na nyasi kavu za kufungia bakuli. Nithya alidhani anasaidia kuzihifadhi. Bakuli ya kumi na sita ilipoingia, Dada Visalam akasema, "Mwambie mumeo asiliweke nyuma ya gari. Liwe miguuni pako."

"Zote, Bibi?"

"Bakuli nane hazipigi wimbo."

"Wewe utabaki na nini?"

"Mimi nimeshapiga, mwanangu. Beba."

Nithya alimshika miguu, akaapa kwamba atakuja kila mwezi. Vijana huahidi. Bengaluru ni mbali, na mwezi ule ule alishika mimba, ingawa hatukujua bado. Gari lilipokata kona, wanawake walikuwa nje wakichora maua ya unga wa mchele mbele ya milango yao, na Dada Visalam alikuwa bado amesimama barabarani na mikono yake pembeni, haijui iwekwe wapi.

"Sasa alfajiri utakuwa unafanya nini, Dada?" nilimuuliza.

"Nitaamka. Nitaoga. Nitakaa."

"Basi?"

"Basi."

Nikamwambia aje kwangu, anywe kahawa, akae nami jikoni. Nilisema kwa sauti kubwa, Bi Kokila asikie. Dada Visalam alinigusa bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Umechelewa kidogo, Rukku," alisema, kwa upole kabisa, akaingia ndani. Nikabaki barabarani na hasira zangu, sijui nimkasirikie nani, babake aliyekufa au mimi niliye hai.